Soda ya Kusimulia

Mume wangu Nkwabi alikatwa kidole gumba cha mguu wa kushoto mwezi wa tatu mwaka wa tisini na tano. Siku ya kuruhusiwa, daktari aliniita pembeni mimi, si yeye. "Mama, sukari ya mzee iko juu sana," alisema. "Isiposhuka, safari nyingine tutakata hapa." Akaweka ukingo wa kiganja chini kidogo ya goti lake mwenyewe, juu ya suruali, kama fundi cherehani anayepima kaptura.

Kidonda kilianza na msumari wa katambuga. Zile ndala za tairi alizinunua Igogo hapa hapa, msumari mmoja ukachomoza ukamtoboa, na yeye hakusikia. Alitembea nao kutwa. Mimi niliona damu sakafuni nikadhani ni ya kuku. Na kabla ya hapo, kwa wiki nyingi, sisimizi walikuwa wamejaa chooni, mstari mrefu kutoka mlangoni mpaka pale anapokojolea, nami kila asubuhi nawamwagia majivu. Niliwapiga vita sisimizi, ugonjwa wenyewe nikauacha.

Basi nikarudi naye nyumbani, na nyumba yenyewe ndiyo hiyo, nyumba ya maandazi. Nkwabi alipunguzwa kazini kwenye kinu cha pamba mwaka wa tisini na tatu, yeye na wenzake wengi, na tangu hapo tunakula kwa karai langu. Kukipambazuka tu nakuwa nimeshaumua unga, nimesukuma, nimekata pembe tatu, mafuta yanachemka. Watu wa viwanda vya minofu wanapita barabarani pale mbele, wananunua mawili, matatu, wanakwenda wanatafuna. Jirani yangu Apiyo naye anakaanga mapanki kibarazani kwake, ile mifupa ya sangara inayobaki viwandani baada ya minofu kwenda Ulaya. Kwa hiyo ukiamka kwetu, kabla hujafumbua macho, pua imeshakula: hiliki, sukari inayoungua kidogo pembeni, na samaki.

Sukari imejaa nyumba nzima, na mgonjwa wa sukari amelala chumba cha pili. Nikiacha kukaanga, hatuli. Nikikaanga, namkaangia mguu wake. Niliwaza hivyo siku tatu, mikono inasukuma unga yenyewe.

Siku ya nne nikamwona amesimama mlangoni na fimbo yake, anatazama karai. Alimeza mate tu, na lile koromeo likapanda likashuka. Nikaona aibu kana kwamba nimemfumania anaoga.

Hapo ndipo nilipokumbuka mambo mawili.

La kwanza ni ile miaka ya shida, themanini na tatu, themanini na nne, sukari ilipokuwa haionekani madukani. Tulikunywa chai ya chumvi. Binti yetu Odeta alikuwa anakataa, analia, nami nikamfundisha kufumba macho. Nilimwambia, kumbuka sukari ya Krismasi, ichukue kwenye kijiko, iangalie inavyong'aa, iweke kwenye ulimi, isikilize inavyosagika, sasa meza chai. Akameza. Akasema, "Mama, imekolea." Tulikunywa hivyo karibu miaka miwili.

La pili ni mimi mwenyewe. Sijala andazi tangu sijui lini. Anayepita njiani akaipata ile harufu mara moja, lazima anunue, ndivyo ninavyouza. Lakini anayekaa na karai kutoka mwanzo mpaka mwisho, akavuta ule moshi saa nzima, saa mbili, likija la mwisho hataki hata kulitazama. Apiyo ni hivyo hivyo na mapanki yake. Wakaangaji wote tuko hivyo. Harufu kidogo inakuita, harufu nyingi inakushibisha.

Nikachukua kigoda nikakiweka karibu na jiko.

"Baba Odeta, njoo ukae hapa."

"Unataka kunitesa?"

"Nataka ukinai."

Akakaa, mguu wa bandeji ameunyoosha juu ya gunia. Nikatia la kwanza kwenye mafuta. Nikamwambia alisikilize linavyolia, aliangalie linavyovimba, avute harufu bila kuharakisha. Likiiva nalitoa, naliweka kwenye ungo mbele yake, halafu anakula kwa maneno.

"Nimelishika," alisema. "La moto. Nalihamisha, mkono huu, mkono huu."

"Lipulize."

"Nalipuliza. Nalichana katikati. Mvuke unatoka, una hiliki."

"Ndani likoje?"

"Lina shimo. Umebana unga, mke wangu."

"Kula, acha maneno."

"Si umesema nile kwa maneno?"

Apiyo akacheka mpaka akaacha mapanki yake yakaungua upande mmoja. "Mama Odeta," alisema, "mimi nimeona watu wanauza samaki bila nyama, sasa wewe unalisha watu maandazi bila maandazi. Hii nchi imefunguliwa kweli kweli."

Tulifika kumi na saba siku ile. La kumi na nane alilitazama, akageuza uso. "Funika ungo. Nimeshiba."

Nilifurahi kama nimejifungua. Tukaendelea hivyo kila asubuhi. Wiki ya pili anashiba kwenye la kumi. Wiki ya tatu la sita tu, anasema hapana, anaomba uji wake wa ulezi usio na kitu, anakunywa. Nilimsifu kwa majirani. Nilijisifu na mwenyewe, tusifichane.

Tukaenda kliniki. Nesi akampima, akaandika, akafuta, akapima tena. Imepanda kuliko mwanzo.

"Mzee anakula nini?" nesi aliniuliza.

"Uji wa ulezi, mchicha, dagaa, ugali kidogo."

"Na nini kingine?"

Nikamweleza yote, kigoda, ungo, maandazi ya maneno. Nikaona bora niulize lile lililokuwa limenikaba, maana elimu yangu ni ya darasa la nne, tena la zamani. "Nesi, hivi mtu akikifikiria sana kitu, akakisema sana, sukari yake haiwezi kuingia kwenye damu?"

Alinitazama aone kama nafanya mzaha. Halafu akanishika bega. "Haiwezi, bibi. Hii aliyonayo imepita mdomoni."

Njiani Nkwabi alikuwa anachomeka fimbo, anachomoa. Mimi nilikuwa napitisha chakula chote kichwani, kijiko kwa kijiko, natafuta sukari ilipojificha. Nilishuku mpaka nyanya.

Jumamosi ile nikafua koti lake la kaki, lile la kule kwenye kinu. Mfuko wa ndani ulikuwa mzito. Nikatoa vizibo vya soda, ishirini na tatu, vyote vya soda ya machungwa. Ndani ya kila kizibo ule mpira mwembamba ulikuwa umebanduliwa kwa ukucha.

Nilivimwaga kwenye ungo, ule ule wa maandazi, nikampelekea.

"Baba Odeta, hivi ni nini?"

"Vizibo."

"Naona ni vizibo."

"Sasa unauliza nini?"

"Nauliza vimefikaje kwenye koti."

Akavigeuza geuza kwa kidole. "Kuna picha chini yake. Mwaka huu ukipata baiskeli nzima, vipande vitatu, unapewa baiskeli. Nina usukani, nina gurudumu la mbele. La nyuma ndilo halitoki."

"Baiskeli ya nini na mguu huo?"

Nilikaa chini kwenye kigoda chake.

Ndipo akasema. Ilianzia hospitali, alipokatwa kidole. Dada yake, wifi yangu Minza, alikuja kutoka Usagara na soda nne kwenye kikapu, kama watu wote wanavyomwendea mgonjwa. Akanywa moja. Miaka mingapi hajanywa. Wakati wa shida soda ilikuwa ya harusi za wakubwa, tena uende na chupa tupu yako, na sasa ipo kila kona, ya baridi, ndani ya friji yenye taa. Tangu siku hiyo akisema anakwenda kunyoosha mguu, anakwenda kwa Gidion, yule Mjita mwenye kibanda pale kwenye mteremko.

"Na maandazi?" niliuliza. "Yale kumi na saba?"

"Maandazi nimeishi nayo, mama Odeta. Siyataki tangu zamani. Siku ile mlangoni nilikuwa nameza mate kwa sababu nimetoka kuwaza soda."

"Mbona ulikaa hapo mwezi mzima unakula hewa?"

"Ulikuwa umefurahi sana."

Ningeweza kukasirika. Nilijaribu, hasira haikuja. Nilichokiona ni kwamba mwezi mzima nilifukuza tena sisimizi. Nilimshibisha kitu asichokuwa na njaa nacho, kwa sababu ndicho nilichokuwa nacho kwenye karai, na sikumuuliza hata mara moja: mume wangu, unatamani nini.

Nikaenda kwa Gidion. Alinisikiliza kwa heshima, akaniambia, "Shikamoo mama. Mimi simuuzii tena, naapa." Nikaenda na kwenye kibanda cha pili, na cha tatu. Zamani Igogo ilikuwa na duka moja la ushirika, ungemwomba mtu mmoja ukamaliza. Siku ile nilizunguka vibanda sita. Narudi nyumbani, kijana mmoja alikuwa anashusha friji kwenye mkokoteni, anafungua cha saba.

Basi nikaona turudie dawa yangu, ila safari hii kwa ugonjwa wenyewe. Nikamkalisha kwenye kigoda jioni, kuku wanaingia bandani. "Fumba macho. Soda hiyo hapo. Kunywa kwa maneno."

"Nimeifungua. Pssi. Nimekunywa. Imeisha."

"Taratibu."

"Soda hainywewi taratibu, ubaridi unaisha."

"Inakuwaje mdomoni?"

"Tamu."

"Tamu vipi?"

Akafumbua macho. Yalikuwa na maji. "Sasa umenitia kiu. Nilikuwa nimetulia." Akainuka, akachukua fimbo. Nilisimama mlangoni nimeweka mikono huku na huku. Mzee mwenzangu, tumezaa naye, namzuia mlangoni kama ng'ombe. Akasubiri. Mikono ikachoka, nikaishusha, akapita.

Nilielewa kosa. Ile ilikuwa harufu ya mpita njia, kidogo, ya kuita. Ya kushibisha inataka muda, inataka mtu wa kukaa na wewe akushike mkono kutoka la kwanza mpaka la kumi na saba. Kwenye maandazi niliweza kwa sababu nayajua maandazi kuliko watoto wangu. Soda siijui. Siku ya harusi yetu kule Usagara, mwaka wa hamsini na nane, tulipewa chupa moja, bibi na bwana. Nilionja funda moja, likanipanda puani, nikampa nusu yangu. Sijagusa tena.

Kwa hiyo Jumatatu, baada ya kuuza, nilikwenda kwa Gidion nikaagiza soda ya machungwa, kijiko na bakuli.

"Kijiko cha nini, mama?"

"Cha kunywea."

"Mama, hiyo si uji."

"Lete."

Nilikaa kwenye benchi lake tangu jua likiwa kichwani mpaka kivuli cha kibanda kikafika barabarani. Niliishika chupa kwanza, nikaangalia jasho linavyoteremka, tone linasimama, linaungana na jenzake, linakimbia. Nikainusa haijafunguliwa, ina harufu ya chuma na barafu. Gidion akafungua, nikaweka sikio. Hailii mara moja kama watu wanavyodhani; inalia kwa nguvu, halafu inanong'ona muda mrefu sana, kama mafuta yanapoanza kupata moto. Nikatia kijiko. Kwenye ncha ya ulimi inachoma kabla ya kuwa tamu. Utamu unakuja nyuma, unakaa pembeni ya ulimi, na machungwa yenyewe huyaoni, ni kama mtu aliyewahi kusimuliwa machungwa. Ikimezwa, linabaki gome kwenye meno. Wateja walikuwa wananicheka, mmoja akauliza kama bibi ametumwa na kiwanda. Nilinywa vijiko arobaini na kitu. Vya mwisho vilikuwa vimelala, vuguvugu, tamu mpaka inachefua, nikajisemea, hapa ndipo, hapa ndipo ninapotaka kumfikisha.

Nikarudi mbio mbio, yote iko kichwani, naogopa isimwagike.

Nkwabi alikuwa amelala sakafuni karibu na mlango, anatetemeka. Apiyo alikuwa amemfunika kanga yake. "Nimemkuta hivi," alisema. "Mguu wake, mama Odeta, uangalie." Nilifungua bandeji. Nyama ya kuzunguka pale palipokatwa ilikuwa nyeusi, na weusi ulikuwa umepanda juu, mpaka kwenye kifundo. Nilipobonyeza kwa kidole hakusikia.

Apiyo alipeleka habari kivukoni, na Odeta akafika kesho yake kutoka Sengerema, alikoolewa ng'ambo ya ziwa, mtoto mgongoni, hajabadili nguo za shamba. Wakati huo baba yake alikuwa ameshaingizwa chumba cha upasuaji. Walikata pale pale, chini kidogo ya goti. Daktari alikuwa yule yule, na hakunilaumu hata kwa jicho. Alisema tu, "Sasa tuulinde huu mwingine."

Siku ya tatu Nkwabi alianza kusema. Neno la kwanza aliuliza kama katambuga moja inauzwa. Odeta alitoka nje kulia.

Siku ya nne, saa ya kutazama wagonjwa, wakaja watu wa Usagara. Wifi Minza mbele, ndugu sita nyuma yake, na kikapu. Nilikiona kikapu kabla sijawaona wao. Akaanza kuzipanga chini ya kitanda, moja moja, chupa tisa, zinagongana.

"Wifi," nilimwambia kwa sauti ya chini, "ana sukari."

"Najua. Ndiyo maana sikuleta ile nyeusi. Hii ni machungwa, ni tunda."

"Nesi amekataza."

"Nesi anakataza na wewe unakubali? Kaka yangu amekatwa mguu, nimekuja na basi kutoka asubuhi, nirudi na mzigo wangu? Watu watasema nini, kwamba nimemjia mikono mitupu au kwamba mke wake amenifukuza?"

Ndugu sita walikuwa wananitazama. Nikasema, "Asante, wifi. Umefanya vizuri."

Walipokaa kwenye kitanda cha jirani wakazungumza habari za mvua, mimi niliinama sikioni kwake.

"Fumba macho, baba Odeta. Leo nitakunywesha mimi."

"Wewe huijui soda."

"Naijua. Usiulize. Chupa hii hapa, shika. Usifungue kwanza. Unaona lile tone?"

"Naliona."

"Limesimama. Linangoja jenzake. Hilo, limekimbia."

Nikampeleka hivyo hivyo. Nikamfungulia, nikamsikilizisha mnong'ono mpaka ukaisha. Kijiko cha kwanza, kinachoma. Cha pili. Cha tatu, utamu umekaa pembeni. Kope zake zilikuwa zinacheza. Kwenye cha kumi na mbili akauliza, "Nimefika wapi?"

"Bado uko shingoni mwa chupa."

"Usiharakishe."

"Siharakishi."

Kwenye cha kumi na tisa kengele ikalia, saa ya wageni imekwisha. Nesi akapita anapiga makofi kidogo, wageni, wageni. Nikamwambia bado vijiko ishirini hivi. Akasema, "Kesho, bibi." Nilimwacha katikati, na katikati ndipo pabaya kuliko pote, mtu ameitwa na hajashibishwa. Nilitaka kuzibeba zile chupa, lakini wifi Minza alikuwa amesimama pale pale ananisubiri tutoke pamoja, amenishika mkono. Nikatoka. Mlangoni niligeuka. Alikuwa amefumba macho bado.

Usiku mzima nilihesabu vijiko.

Asubuhi waliponiruhusu kuingia, nikainama chini ya kitanda kabla ya kumsalimia. Nane zilikuwa na vizibo. Ya tisa ilikuwa juu ya kabati dogo karibu na kichwa chake, imefunguliwa, ina soda.

"Nani amefungua?"

"Huyu kijana wa kitanda cha pili. Nilimwomba."

"Umekunywa."

"Nimeinusa. Ulivyonifundisha. Nimeinusa mpaka imenyamaza, halafu nikaendelea kuinusa. Sasa hivi hata siitaki, inanuka dawa ya meno."

Niliichukua, nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Soda ilikuwa imelala kabisa, haina hata povu moja. Nilitazama shingo. Gidion anapofungua, soda inafika pale kioo kinapoanza kunenepa. Nilikaa nayo mchana mzima, najua. Hii ilikuwa chini yake, upana wa kidole kimoja, labda na nusu.

"Baba Odeta. Imepungua."

"Ni gesi," alisema. "Gesi ikitoka lazima ipungue."

Sikujua kama gesi ina upana. Darasani kwetu hawakutufundisha. Nilimtazama usoni, na midomo ilikuwa mikavu, lakini midomo yake ilikuwa mikavu siku zote. Shuka lilikuwa limelala upande mmoja, bapa. Upande wa pili mguu uliobaki ulikuwa umechomoza kwenye shuka, na unyayo wake ulikuwa safi, hauna mkwaruzo.

Nikaifunika chupa kwa kiganja, nikavuta kiti.

"Tulikuwa kijiko cha kumi na tisa," nilisema. "Fumba macho."